Uzi: Mtaa wako wa roho Nairobi ni upi? Kodi tuiweke kando kidogo

mzawa_wa_ngara

Watu wakiulizana habari za mitaa hapa Nairobi, mazungumzo hayapiti kodi, maji na usalama. Ni haki yao, bila hivyo vitatu hukai mahali. Lakini kuna mitaa yenye vyote vitatu ambako mtu huishi miaka na miaka bila kujua jina la jirani, na akiishiwa na kitunguu lazima awashe gari. Leo tuongee kuhusu mtaa unaoupenda, si ule unaoumudu.

Kipimo changu ni hiki: umeshuka kwenye matatu saa moja jioni, umechoka, mfukoni una mia mbili. Kati ya steji na mlango wako unapata nini, na nani anakusalimia?

Kwa kipimo hicho, kwangu hakuna anayeishinda Ngara. Kutoka tao, katikati ya mji, huhitaji hata matatu. Unavuka mzunguko wa Globe kwa miguu ukiwa ndani ya umati, na kabla hujafika steji ya Fig Tree umeshapita soko zima. Viatu vya mitumba vimepangwa juu ya turubai, mguu wa kushoto tu, wa kulia umefichwa kwenye gunia usije ukatoroka nacho. Mbele kidogo yuko jamaa wa mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu. Anaigeuza juu ya makaa, anakata ya ishirini vipande vyembamba, anamwaga kachumbari na chumvi pembeni ya ubao, na wateja mnasimama mmeuzunguka ubao huo mmoja: karani, mwanafunzi, mbeba mizigo, kila mmoja anadokoa upande wake. Hakuna kiti wala sahani. Siasa inajadiliwa hapo kuliko redioni.

Ukiinua macho juu ya vibanda unaona zile nyumba za mawe za Wahindi, baraza mbele na ua ndani. Serikali ya kikoloni iliugawa mji huu kwa rangi: Wazungu magharibi kwenye udongo mwekundu na miti, Wahindi Ngara, Pangani na Parklands, Waafrika Eastlands kwenye udongo mweusi ule unaovua mtu viatu mvua ikinyesha. Sheria ilikufa zamani, lakini ukitoka Muthaiga hadi Kayole bado utauona mgawanyo huo kwa ukubwa wa ploti. Ngara ilibaki katikati ya pande zote, ndiyo maana kila mtu anapita hapa.

Chaguo langu la pili ni Kariokor, jirani tu. Palikuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, leo ni soko la vyondo na viatu vya ngozi na nyama choma. Ukienda mchana utawakuta akina mama wanasuka mkonge huku wanabishana bei na wewe bila hata kuinua uso.

Haya, leteni yenu.

msafiri_125

Rongai.

kanjo_mstaafu

Rongai ni Kajiado. Uzi unasema Nairobi.

msafiri_125

Tunalala Kajiado lakini maisha yetu yote tunayamalizia kwenye jamu ya Langata Road. Tuhesabiwe.

binti_buru

Buruburu, na sitaki ubishi.

Nyumba zilianza kujengwa miaka ya 1970, fezi kwa fezi, paa za vigae vyekundu, kila moja na kiuga chake. Zililengwa kwa wafanyakazi waliokuwa na mshahara wa kulipia mkopo wa nyumba: walimu, watu wa benki, wa serikali. Watoto wao ndio sisi. Tulikua tunacheza barabarani kwa sababu barabara za ndani hazikuwa na pa kuelekea, zinaishia kwenye ukuta, kwa hivyo gari lililoingia lilikuwa la mtu mnayemjua.

Na mwenye uzi kama anataka steji, steji ni yetu. Manyanga, matatu zilizopambwa, za njia namba 58 ndizo zilizofundisha Nairobi kwamba matatu inaweza kuchorwa ubavu mzima na kupigwa muziki unaotikisa vioo. Mimi nimewahi kuacha gari tatu tupu zinapita, nasubiri ile moja yenye michoro mipya. Mama yangu hadi leo hajaelewa.

Najua mtasema imeharibika. Kweli, kila kiuga kimejengwa ghorofa ya kupangisha, maji ya mvua hayana pa kwenda, na mbele ya nyumba ya heshima utakuta duka la vipuri. Lakini hayo maduka ndiyo yanafanya nisiwashe gari kwa kitunguu. Ukikosa kitu Buru, soko la Mutindwa kipo.

taa_za_mtaa

Mwenye uzi, umeandika vizuri, lakini kipimo chako ni cha mwanamume.

Mimi saa moja jioni nikishuka siangalii mutura. Nahesabu taa. Naangalia kama ile mulika mwizi ya kwenye kona inawaka au imekufa tena, kama duka la M-Pesa bado liko wazi, kama kuna mama mboga ambaye nikipiga kelele atasikia. Mtaa wangu naupenda kwa sababu ya watu watatu tu: mama wa mboga, fundi viatu na mlinzi wa gorofa la pili. Hao wakifunga, nachukua nduthi (pikipiki) hata kama ni mwendo wa kutemwa mate.

Nimeishi South B na nikahamia South C, ng'ambo ya Mombasa Road. Kwenye ramani ni jirani wa kugusana, ila kuvuka kwa miguu ni kazi, na tangu barabara ya juu ya kulipia ifunguliwe 2022 kule chini kumekuwa na vivuli vya zege kila mahali. South C naipenda jioni. Watu wanatoka msikitini kwa makundi, watoto wako nje, maduka yana mwanga, kuna anayekaanga viazi karai na bajia. Mwanamke anatembea bila kukaza mkoba. Saa tano usiku ni habari nyingine, lakini angalau saa mbili nimefika nyumbani nikiwa nimenyoosha mabega.

Kwa hivyo ongeza kwenye kipimo chako: nani bado yuko nje unapopita, na anakuangalia kwa jicho gani?

mzawa_wa_ngara

Dada, hilo linaingia na linabaki. Na linanipa hoja zaidi ya kutetea wachuuzi. Kila askari wa kanjo, serikali ya jiji, wakifagia vibanda usiku mmoja, mtaa unabaki msafi na giza. Yule mama wa mboga anayekulinda hana leseni ya kukulinda, na ndiye wa kwanza kubebwa kwenye lori.

kanjo_mstaafu

Na akikaa kwenye njia ya miguu wewe unatembea barabarani na matatu inakugonga. Tuseme yote.

isli_section_two

Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyetaja Isli, yaani Eastleigh. Mnanunua nguo kwetu, harusi zenu zinavikwa kwetu, halafu kwenye mitaa ya roho tunasahaulika.

Wengi mnajua hadithi ya Garissa Lodge, lakini kwa wasiojua: ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Serikali ya Somalia ilipoanguka 1991, waliokimbia wakakodi vyumba, usiku wanalala, mchana wanageuza kitanda kuwa meza ya kuuzia. Mtu anaingia chumba kwa chumba kuchagua kitambaa. Kutoka vile vyumba ndipo ukaja huu msitu wa magorofa ya biashara. Kabla ya hapo Isli ilikuwa mtaa wa Wahindi na wa Wasomali wachache wa zamani, nyumba za chini zenye ua. Bado zimebaki chache, zimebanwa kati ya magorofa.

Jioni yetu inaanza wakati yenu inaisha. Baada ya magharibi akina mama wanakaa na mitungi ya maziwa ya ngamia, ya jana na ya leo, na ukiwa mgeni utaulizwa unataka yaliyochacha au mabichi. Miraa inashuka kutoka Meru, vijana wanaifungua majani ya mgomba kwa kasi ambayo sijaiona kwenye kazi nyingine yoyote. Ukiagiza wali wa Kisomali unaletewa na ndizi mbivu pembeni. Usiulize ndizi ni ya nini, wewe kula tu pamoja na wali. Na humu ndani kuna Waoromo, Waeritrea, Wameru, Wakikuyu wenye maduka ya jumla, Wakamba wa mikokoteni. Lugha ya biashara ni Kiswahili, cha kila mtu kwa namna yake.

Ubaya? Mvua. Mvua ikinyesha, Isli inakuwa mto na si maji safi. Na kuna ile tabia ya askari kuwasimamisha vijana wetu kuuliza kitambulisho hata kama babu yake alizaliwa hapa. Hilo halijaisha.

mswahili_ugenini

Asalaam aleikum wandugu. Mimi ni mtu wa Mombasa, kazi ndiyo iliyonileta huku. Mwezi wa saba wa kwanza nilidhani nitakufa kwa baridi, nikawa nalala na soksi na kofia.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja kazini, akaniambia nenda Pumwani, Majengo. Nikacheka, maana sifa za Majengo kwa watu wa Nairobi hazikuwa nzuri. Nilipofika, wallahi, nilijisikia niko Kibokoni kwetu Mombasa! Wazee wamekaa na buli la kahawa chungu, kashata kwenye sinia, mahamri ya iliki na mbaazi za nazi asubuhi. Nyumba zenyewe za Kiswahili, korido katikati na vyumba kila upande, ijapokuwa udongo na mabati vimechakaa. Ni katika mitaa ya kwanza kabisa ambayo serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika kujenga, mwanzoni mwa miaka ya 1920, na waliojenga walikuwa mchanganyiko: Wamanyema, Waswahili, Wakikuyu, Waganda. Hospitali ya uzazi ya Pumwani iko pale tangu 1926, nusu ya mji huu imezaliwa humo.

Mwezi wa Ramadhani nenda saa ya kufuturu karibu na msikiti wa Riadha. Hujui mtu, lakini utapewa tende.

bangaloo_ya_mwisho

Mimi nitasema Parklands, ingawa nimekulia Kilimani.

Kilimani niliyoijua ilikuwa bangaloo, ua wa kei-apple na mbwa mmoja mkali kila nyumba. Leo upande wetu wa kushoto kuna gorofa, kulia gorofa, nyuma linachimbwa shimo la lingine. Nguo zinakauka kwa zamu kwa sababu jua linatufikia saa chache tu. Bomba la kanjo linatoa maji kwa ratiba, tunaambiwa bwawa la Ndakaini hili, Ndakaini lile, kwa hivyo kila asubuhi maboza yanapiga honi getini na visima vinazidi kuchimbwa. Watu wengi wameingia lakini barabara ni zile zile. Na bado ukishuka kwenye matatu saa moja jioni, kati ya steji na geti unakutana na kuta tu. Kuta ndefu, nyaya za umeme juu, mlinzi ndani ya kijumba. Kitunguu, washa gari.

Parklands nako magorofa yamefika, lakini kuna City Park. Jumapili familia za Kihindi, za Kisomali, za Kikuyu, wote kwenye nyasi zile zile, na tumbili wanawanyang'anya watoto karanga. Nenda mpaka ndani kwenye makaburi, kuna Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, na kuna Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mwanahabari aliyeuawa kwa risasi Februari 1965. Wapitaji wengi hawajui wanapita karibu na nani. Ukitoka hapo ingia sokoni ukanunue mboga, au nenda Diamond Plaza ukale kachri bateta ukitoka jasho.

abiria_wa_46

Mnasema Kilimani na Parklands kwa sababu hamjawahi kupanda matatu ya namba 46 hadi mwisho. Kawangware na Lavington zimetenganishwa na barabara tu. Asubuhi saa kumi na mbili utaona mto wa watu unavuka kwa miguu kwenda kufua, kupika, kulinda na kulea upande wa pili. Jioni mto unarudi. Mboga nzuri ziko Kawangware, na mabosi wa Lavington wanawatuma hao hao dada wa kazi waje wanunue huku kwa sababu ni rahisi na zimetoka shambani Kikuyu usiku huo. Halafu wanatuambia tunaishi vibaya.

Sukuma wiki ya kukatwa, omena wa kukaangwa, chapati madondo, mandazi ya kesho asubuhi, vyote kabla sijafika geti. Mia mbili inabaki chenji. Mwenye uzi, kwa kipimo chako nimeshinda.

mjukuu_wa_makina

Kibera imekosekana, na nikiitaja najua picha zinazowajia kichwani. Wageni wanapiga picha za reli, tunapiga picha za wageni.

Sisi Wanubi tuko hapa tangu babu zetu askari walipopewa makao na Waingereza, wakati huo ni msitu. Tulisubiri hati ya ardhi zaidi ya miaka mia moja, tukapewa ya ekari 288 mwaka 2017. Bibi yangu hakuiona. Kwetu Makina ukipita jioni utasikia harufu ya gurusa ikiiva, wanawake wamekaa barazani wanasuka vifuniko vya vikapu vya rangi. Kutoka hapo unatembea hadi soko la Toi kuchagua shati la mitumba. Toi imeungua zaidi ya mara moja, na kila mara inarudi na misumari mipya.

Sijasema hakuna shida. Choo ni shida, moto ni shida, waendesha miradi wasiokwisha ni shida. Lakini mtoto wangu akichelewa kurudi, nyumba sita zinajua alipo.

taa_za_mtaa

Nyumba sita. Hilo ndilo nilikuwa nalitafuta nikahesabu taa.

mzee_wa_jogoo_road

Niwieni radhi vijana, mimi huandika polepole.

Mnasema mitaa na hakuna aliyesema Kaloleni. Serikali ilijenga miaka ya 1940, nyumba za mawe, barabara zilizopinda, miti, nyasi katikati, ukumbi na maktaba. Nyingine za Eastlands zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, ya kuhesabia wafanyakazi. Kaloleni mtu alikumbuka kwamba mfanyakazi naye ana watoto. Ule ukumbi wazee waliuita House of Commons, maana akina Tom Mboya na wenzake walibishania uhuru humo, watu wamejaa mpaka madirishani. Jumapili tulitembea hadi City Stadium. Gor Mahia na Ingwe (AFC Leopards) wakicheza, nusu ya mtaa ilirudi ikiimba na nusu ilirudi kimya, na chakula cha jioni kilipikwa hivyo hivyo. Nimeona ndoa zikinuna mpaka Jumatano kwa sababu ya bao la dakika ya mwisho.

Sasa kila mwaka tunasikia mtaa utabomolewa ujengwe magorofa. Pangani wamebomoa na kujenga, Ngara barabara ya Park Road wamejenga. Sipingi nyumba mpya, vijana walale wapi? Tumejaza vibanda vya mabati kwenye nyasi zile kwa sababu watoto wetu hawakupata pa kwenda. Ninachouliza kwenye mikutano yao ni kitu kimoja na sijajibiwa: wakishapandisha watu ghorofa ya kumi na mbili, ule mti tuliokuwa tukikaa chini yake utakuwa ghorofa ya ngapi?

fezi_four

Mzee heshima. Dandora nasi tuongeze kabla uzi haujafungwa. Watu wanajua jaa la taka na kundi la rap la Kalamashaka, basi. Hawajui kwamba kila kundi la nyumba lina ua wake wa pamoja, ndivyo mtaa ulivyopangwa miaka ya 1970 kwa pesa za Benki ya Dunia. Nyua zilikuwa zimegeuka majalala na vituo vya kukabia watu. Vijana wakaanza kusafisha, wakapaka kuta rangi, wakapanda maua kwenye matairi, wakaweka geti na kutoza anayeegesha gari usiku. Yule aliyekuwa anakukaba sasa anakuandikia risiti.

mgeni_wa_tao

Wakubwa shikamooni. Nimepata kazi karibu na Moi Avenue, naanza mwezi ujao. Natafuta bedsita, chumba kimoja chenye jiko na bafu, nimesoma uzi wote nikazidi kuchanganyikiwa. Nimeonyeshwa moja nyuma ya soko la Kariokor, ghorofa ya nne. Nyingine iko Zimmerman, kubwa zaidi na bei ni ile ile.

abiria_wa_46

Zimma utaongeza nauli ya kwenda na kurudi kila siku. Mvua ikinyesha nauli inapanda mara mbili na jamu ya Thika Road ni bure. Piga hesabu ya mwezi kabla ya kuangalia ukubwa wa chumba.

taa_za_mtaa

Usiende kuiona mchana. Nenda saa mbili usiku, siku ya kazi, utembee mwenyewe kutoka Globe hadi mlangoni. Ukiwa na dada, mchukue muende naye, umuulize yeye.

mgeni_wa_tao

Asanteni. Na maji ghorofa ya nne yanapanda?

mzawa_wa_ngara

Stima ikiwepo na pampu ikiwa nzima, yanapanda. Muulize mpangaji wa ghorofa ya tano, si mwenye ploti. Uliza pia tokeni ya stima ni yako peke yako au mnagawana mita, na tenki la juu linatumiwa na nyumba ngapi. Depositi usitume kwa simu kabla hujashika ufunguo na kuona mlango ukifunguka.